Ekari Nane za Mwalimu Nasib

Juni 5

Duka la pembejeo limenipa shajara ya bure, kama kila mwaka, na kama kila mwaka kila ukurasa una picha ya mdudu na jina la dawa ya kumwua. Leo ni kiwavi wa mashina. Miaka thelathini na moja nimefundisha jiografia shule ya wasichana ya mjini, sasa mwanafunzi aliyebaki kunisikiliza ni kiwavi.

Miche ina siku kumi na tano kitaluni. Ekari nane zinangoja kupandwa, na joto ni la kutisha.

Navtej amepiga simu kutoka Kanada. Ni mwanangu wa pekee, anaendesha lori huko. Anapiga akiwa njiani, kwa hiyo nasikia honi kuliko ninavyomsikia yeye.

"Mama, mwaka huu ndio wa mwisho. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nani na nani?"

"Mpunga ukivunwa unasaini, binamu Balkar ananunua shamba na nyumba, wewe unakuja. Chumba kipo tayari. Kina joto zuri."

Chumba chenyewe nimekiona kwenye simu. Kiko chini ya nyumba, dirisha lake liko usawa wa majani, na mtu akipita nje unamwona viatu. Nimemwambia tutaona mpunga ukivunwa. Huwezi kubishana na mwanao huku anakata kona.

Juni 8

Upepo wa vumbi kutwa. Sikuzungumza na mtu.

Juni 11

Nimempigia Bisesar. Huyu ndiye kiongozi wa kikosi kinachonipandikizia mpunga. Anatoka Bihar, jimbo la mbali na Punjab yetu, mwendo wa usiku na mchana kwa treni na zaidi, na amekuja miaka ishirini na miwili mfululizo, tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Huja na watu kumi na wanane, wanamaliza ekari nane kwa siku mbili, halafu wanahamia mashamba mengine.

"Tunafika tarehe kumi na sita, Mama Mwalimu."

"Mko wangapi?"

"Tutaonana."

Sikulipenda jibu hilo. Mtu mwenye habari njema hasemi tutaonana.

Juni 12

Umeme wa pampu umekuja kwa saa nane, kuanzia alfajiri. Nimejaza maji majaruba mawili.

Juni 16

Leo nimekwenda stesheni. Ningebaki nyumbani kama zamani, nikapika chai nikangoja, lakini siku hizi ukibaki nyumbani kikosi chako kinaporwa. Wenye mashamba walikuwa wamejipanga kwenye jukwaa na vilemba vyao vilivyopigwa pasi, kama wanapokea bibi harusi. Zamani watu wa Bihar walikuwa wakibembeleza kazi. Sasa sisi ndio tunabembeleza, kwa sababu vijana wetu wote wako madarasani wanajifunza Kiingereza cha kuondokea, na mpunga haujipandi.

Nilikuwa mwanamke peke yangu. Treni iliposimama ikawa vurugu.

"Njooni kwangu! Kuna feni chumbani!"

"Feni tu? Kwangu kuna kipoza hewa na chai mara nne!"

"Huyo muongo, mwaka jana aliwapa chai ya maji!"

Bisesar akashuka behewa la mwisho, nyuma yake watu watatu. Nikangoja wengine. Treni ikaondoka.

"Wako wapi?" nikamwuliza.

"Hawa hapa."

"Bisesar, hawa ni watatu."

"Na mimi wa nne. Hesabu yako bado nzuri, Mama Mwalimu."

Jibaba mmoja akamshika mkono akamwahidi simu mpya kama atakwenda naye. Bisesar akautoa mkono wake taratibu. "Mzee, mimi nimeshaolewa," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu. Watu wakacheka hadi wakatupisha njia.

Njiani ndipo akanieleza. Vijana wamekwenda kusini, kwenye viwanda vya kushona nguo. Huko kuna kivuli, kazi ya mwaka mzima, na hakuna ruba. Wanawe wawili wako hukohuko. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mimi nina mtoto anayeendesha lori kwenye theluji, nitamlaumu nani?

Juni 17

Wameanza. Watu wanne, ekari nane. Miche leo ina siku ishirini na saba. Ikipita thelathini na tano kitaluni inazeeka, ukiipanda inakupa majani tu. Nimepiga hesabu mara tatu, haitoshi.

Balkar amesimama kwenye tuta kutazama. Balkar ni mtoto wa shemeji yangu, analima ekari zaidi ya sitini za kwake na za watu. Yeye mwaka huu amepanda kwa mashine, mbegu kavu, bila kitalu wala kikosi.

"Mama mdogo, mashine haili chapati."

"Wala haisalimii," nikamjibu.

"Mwezi wa kumi utaniuzia tu. Ya nini kuhangaika na miche ya kizee?"

"Kizee ni mimi. Miche ina siku ishirini na saba."

Juni 18

Kutwa ya leo hata ekari moja haikukamilika. Sikupata usingizi mzuri.

Juni 19

Nimeingia shambani mwenyewe.

Naandika hivyo kwa ufupi lakini si jambo fupi. Katika ukoo wetu mwanamke mwenye shamba haingii kwenye matope kupandikiza. Hupeleka chai, husimama kwenye tuta, hunyoosha kidole. Mama mkwe wangu angefufuka kunikanya. Nilipandisha suruali, nikavua viatu, nikashuka.

Bisesar akanitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akaja akanipa fungu la miche. "Vidole vitatu, Mama Mwalimu. Usiichome kama unamchoma mtu sindano. Izike mizizi, iache shingo."

Nilikuwa wa mwisho mstari wote. Mistari yangu imepinda kama mto, na wale watatu wakawa wanacheka kwa lugha yao. Mmoja akasema neno, wakacheka zaidi. Nikamtaka Bisesar atafsiri.

"Anasema ungekuwa mwanafunzi wetu, leo usingepita darasa."

Mgongo wangu umekatika vipande viwili. Lakini leo nimezungumza na watu kuanzia asubuhi hadi jioni, na nilipoingia ndani nikajikuta bado nazungumza.

Juni 21

Kijiji kizima kimenijadili hekaluni. Mmoja kasema Navtej ameacha kunitunza ndiyo maana nafanya kazi ya vibarua. Uongo una miguu kuliko mimi, umeshafika Kanada. Navtej kapiga simu. "Mama, unanitia aibu." Nikamwuliza, aibu inavuka bahari hiyo yote kwa miguu?

Juni 22

Jambo dogo, lakini nataka liwepo hapa. Vikombe vya chai vya kikosi viko kwenye rafu ya chumba cha pampu. Vya nyumbani viko nyumbani, na havichanganywi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mume wangu, sikuwahi kufikiria. Leo nilikuwa na matope mpaka magotini, nikaketi nao kwenye tuta, Bisesar akanimiminia chai katika kikombe kimoja cha rafuni. Nikanywa. Akachelewa kuondoa macho. Kisha akasema, "Sukari inatosha?" Nikasema inatosha.

Juni 25

Tumemaliza. Saa kumi jioni, miche ya mwisho ikiwa na siku thelathini na tano kamili. Nimeketi kwenye tuta nikalia bila sababu ya maana, na wao wakajifanya wanaosha miguu.

Juni 27

Wanaondoka kesho. Wanakwenda mashamba ya kaskazini, halafu kwao. Leo jioni nimemwita Bisesar uani, nikamwambia jambo nililokuwa nimelizungusha kichwani siku tisa.

Ghorofani kuna vyumba viwili. Vilikuwa vya Navtej, havijalaliwa miaka kumi na minne. Nimemwambia ahamie, alete mkewe, alete na mjukuu wao wa kike anayelelewa na bibi yake huko, alime ekari nane kwa nusu ya mavuno, tuishi. Nyumba nyingi hapa, wenyewe wako ng'ambo, zinakaliwa na watu wa Bihar kama walinzi. Yeye hatakuwa mlinzi. Atakuwa mtu wa nyumbani.

Akaanza kubandua tope lililokauka miguuni.

"Mkeo anaitwa nani vile?" nikamwuliza, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui.

"Dulari."

"Mwulize Dulari."

"Nitakujibu mwezi wa kumi, nikija kupakia mpunga. Jambo kama hili halijibiwi na matope miguuni."

Hakusema hapana. Angetaka kusema hapana angeisema. Nimefurahi kuliko ninavyostahili.

Juni 28

Wameondoka. Nyumba imekuwa kubwa.

Juni 29

Navtej kapiga. Nimemwambia sisaini. Nina watu watakaokaa nami.

"Watu gani?"

"Bisesar na mkewe."

"Bisesar kibarua?"

"Wewe huko unamwendeshea nani lori, la babu yako?"

Akakata. Au mtandao ulikatika. Nimeamua ni mtandao.

Julai 9

Mvua ndogo. Mpunga umeshika, kijani mpaka kwenye barabara.

Julai 10

Hakuna mvua.

Julai 11

Hakuna.

Julai 17

Hakuna. Nimepaka rangi chumba cha kwanza cha juu. Nimechagua ya manjano hafifu, nadhani mwanamke ataipenda. Nimeteremsha vikombe vya ushindi vya Navtej vya mieleka, nikavifunga kwenye shuka. Kimoja kilikuwa na kiota cha nyigu.

Julai 26

Nimekwenda shule ya msingi ya kijiji kuulizia nafasi ya mjukuu wa Bisesar. Watoto thelathini na mmoja shule nzima. Ishirini na sita ni wa vibarua waliohamia. Wanazungumza Kipunjabi safi kuliko watoto wetu walioko ng'ambo. Wanne wa kwetu wanangoja hati za kusafiria, na wa tano ni kiziwi. Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wangu.

"Jina la mtoto, Mwalimu?"

Sikujua. Nikamwambia aandike "mjukuu wa Bisesar" kwa kalamu ya risasi.

Agosti 3

Joto. Hakuna mvua. Pampu inakohoa.

Agosti 6

Pampu imevuta hewa. Nimesimama mbele ya bomba saa nzima, likitoa hewa na tope kidogo kama mgonjwa. Fundi kaja, kashusha kamba, kapandisha, katikisa kichwa. Maji yameshuka chini ya mashine yangu. Kisima changu kina futi mia tatu. Alipochimba baba mkwe kilikuwa thelathini, na ndoo ilitosha. Niliwafundisha wasichana habari hizi ubaoni, mchoro wa rangi ya bluu, mshale unaelekea chini. Nilikuwa najua kuuchora vizuri sana.

Mpunga uko karibu kutoa masuke. Siku tano bila maji utakauka, na mpunga ukikauka sina cha kugawana nusu na Bisesar, sina sababu ya kumleta, sina la kumwambia Navtej. Yote yanategemea bomba hili.

Nimekwenda kwa Balkar nikiwa nimepandwa na hasira, kwa sababu mwezi wa tano alichimba kisima kipya futi mia nne na hamsini, hatua mia mbili kutoka changu. Nilimkuta sebuleni, televisheni inapiga kelele, hakuna anayeitazama.

"Umeninywea maji yangu!"

"Mama mdogo, karibu ukae."

"Sikai. Ulijua changu kitakauka."

"Nilijua." Akazima televisheni. "Na yule wa upande wa pili wangu kachimba mia tano. Changu kitakauka mwaka kesho kutwa. Ningefanyaje, nimngoje?"

Nilikuja na matusi ya kutosha siku nzima, yakaniishia mlangoni.

"Kaa basi," akasema. "Mke wangu yuko hospitali anamwuguza dada yake, binti yuko darasani. Hakuna wa kukupikia chai ila mimi, na mimi chai yangu ni adhabu."

Ilikuwa adhabu kweli. Nikainywa. Binti yake, wa pekee, amefaulu mtihani wa Kiingereza, anaondoka Septemba kwenda Australia. Aliniambia hivyo kama mtu anayejisifu, mpaka katikati ya sentensi, halafu akanyanyuka kutafuta biskuti ambazo hazikuwepo.

Agosti 7

Saa kumi na moja alfajiri nimesikia trekta. Balkar alikuwa anatandaza mabomba ya plastiki kutoka kisimani kwake hadi jaruba langu la juu, peke yake, bila kilemba, kichwa kikiwa na kitambaa tu. Nimemsaidia kushika ncha.

"Maji ni yaleyale, Mama mdogo. Mimi nimewahi tu kuyavuta."

"Shamba ukilinunua litakuwa lako, si ungeliacha likauke ulipate rahisi?"

"Ningeweza," akasema, na akaendelea kukaza bomba. Miaka yote nimemwona mtu wa kumeza mashamba. Huenda ndivyo alivyo. Lakini leo maji yamefika.

Agosti 19

Mvua! Mvua ya kweli. Nimesimama uani nikalowa kama mwendawazimu.

Septemba 4

Chumba cha pili kimekwisha. Nimenunua vitanda viwili na chandarua. Fundi wa vitanda kauliza nani anakuja. Nikasema watu wangu. Neno hilo limenikaa mdomoni siku nzima.

Septemba 14

Binti wa Balkar ameondoka leo. Gari tatu zilimsindikiza uwanja wa ndege, na zilirudi kimya. Televisheni ya Balkar naisikia hadi huku.

Septemba 15 hadi 30

Mpunga unageuka. Hakuna la kuandika. Nimempigia Bisesar mara mbili, simu imezimwa.

Oktoba 7

Mashine ya kuvunia imekuja. Ekari nane kwa saa nne. Dereva wake hakushuka hata kunisalimu, alikuwa amevaa vitu masikioni. Mpunga niliouzika kwa vidole vitatu, siku saba mgongo umepinda, umeingia kwenye tumbo la mashine kabla sijamaliza kupika chakula cha mchana. Nilipika cha watu kumi kwa mazoea. Nitakula mwenyewe siku mbili.

Mavuno mazuri. Hata sehemu ya mistari yangu iliyopinda.

Oktoba 10

Bisesar amefika.

Peke yake. Mfuko mmoja begani, shati jeupe la safari. Nilimpeleka juu moja kwa moja, sikumpa hata maji. Nikamwonyesha rangi, vitanda, chandarua, dirisha linalotazama shamba. Nikamwambia shule wameweka jina. Nilizungumza kama muuza duka. Yeye alisimama mlangoni, viatu kavishika mkononi, hakuingia.

"Mama Mwalimu, tushuke chini."

Tukakaa uani. Akasema hapana.

Alisema taratibu, kama mtu aliyeifanyia mazoezi ndani ya treni. Amezeeka, magoti hayamtaki tena. Hatarudi mwakani kupandikiza, wala kupakia mpunga, wala kukaa. "Ningeweza kukwambia kwa simu," akasema. "Lakini simu haiagi mtu. Nimekuja kukuaga."

"Na Juni? Ulikuja Juni na watu watatu ukijua huwezi?"

"Juni ulikuwa na miche kitaluni. Ningeiacha ife?"

Hapo nilipaswa kumshukuru. Badala yake nikapandisha sauti. Nikamwambia nimegombana na mwanangu kwa ajili yake, kijiji kimenicheka, nimempa vyumba vya mtoto wangu, ni nani mwingine hapa angempa kibarua vyumba vya mtoto wake? Neno kibarua lilitoka lenyewe. Nililisikia likitoka.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ni kweli, ulinipa. Lakini ulinipa ili visiwe vitupu, Mama Mwalimu. Na mimi nina chumba cha kwangu kilicho kitupu."

Moshi ulikuwa umeanza, watu wanachoma mabua upande wa mashariki, macho yananiwasha, kwa hiyo sikuhitaji kueleza machozi.

Mwishowe nikamwuliza Dulari alisema nini.

"Alicheka. Akasema, huyo mama anataka nikalinde nyumba yake? Mwambie mimi ya kwangu nimeilinda peke yangu miaka ishirini na miwili, nimechoka kulinda nyumba." Akatabasamu kidogo. "Ana mdomo kama wako."

Nikamwuliza kijiji chake kinaitwaje. Ndiyo, leo ndiyo nimeuliza. Najua mji wa Navtej, barabara yake, baridi yake ya kila mwezi, umbali wake kutoka ziwani. Mtu aliyekuwa akisimama shambani kwangu tangu Navtej yuko shule sikuwahi kumwuliza anatoka wapi ila "Bihar", kama mtu anayetoka "ng'ambo". Na mimi ni mwalimu wa jiografia. Akanitajia. Kiko kati ya mto na tuta la kuzuia mto. Akanitajia mwaka mmoja, wanawe wakiwa wadogo, mto ulipovunja tuta usiku wa tarehe mbili Julai, na Dulari alikaa juu ya paa siku nne na watoto wawili na mbuzi.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Siku ile tulikuwa tunamaliza jaruba lako la chini. Habari nilizipata baada ya siku tisa. Ulitupa sukari guru siku ile, nikafurahi sana. Hata leo nikiionja naikumbuka furaha ile, naona aibu."

Alipolala nilifungua sanduku la shajara za zamani, zote za dukani, zote zina wadudu. Nikaipata ya mwaka ule. Julai 2. Mstari mmoja, mwandiko wangu: "Mpunga umekwisha. Bisesar kacheka sana leo. Mvua hakuna."

Nimeusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Miaka yote nimehesabu walioondoka hapa, nyumba kwa nyumba, kufuli kwa kufuli, nikijiona mimi ndiye niliyeachwa. Kumbe Kanada ya Dulari ilikuwa hapa, kwenye ekari zangu nane. Mimi ndiye niliyekuwa nimemchukua mtu wake.

Oktoba 11

Amekwenda na treni ya mchana, awahi sikukuu yao ya jua. Nilimsindikiza mpaka ndani ya behewa. Nilimwomba radhi kwa lile neno. Akasema, "Neno gani?" Anajua neno gani.

Oktoba 12

Moshi.

Oktoba 13

Moshi. Sikutoka.

Oktoba 18

Balkar amekuja na karatasi za mauzo, bahasha ya kaki, amechana ndevu. Wiki nzima nilijua atakuja na nilijua nimeshindwa: sina watu, sina hoja. Nilikwishatafuta hata kalamu.

Alikuwa ametoka kulima na anaongea bila kukoma, siku hizi ndivyo alivyo. Anaanza kupanda ngano. "Kesho namaliza Italia, kesho kutwa naingia Australia. Kila shamba nimelipa jina la nchi alikokwenda mwenyewe, hata la binti yangu. Nalima dunia nzima, Mama mdogo, bila kupanda ndege." Alicheka peke yake.

Nikaangalia karatasi. Nikafikiri juu ya kile chumba cha chini, na Navtej akinionyesha kitanda kwenye simu, kipasha joto, taa, kabati, akizungumza upesiupesi kama muuza duka. Nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Mwanangu ana chumba kitupu, na anataka mtu wa kukijaza. Sisi ni watu wa aina moja.

"Shamba lima," nikamwambia Balkar. "Mwaka kwa mwaka. Siuzi. Na nyumba siuzi."

"Utakaa na nani?"

"Peke yangu."

Alizirudisha karatasi kwenye bahasha, akaikunja, akauliza kama chai ipo. Nikampikia. Akakaa mpaka giza likaingia, na hakusema lolote juu ya shamba.

Oktoba 20

Nimempigia Navtej mimi mwenyewe. Aliposhika simu nikasikia kimya nyuma yake, ameegesha lori mahali.

Nilimwambia Bisesar haji. Akasema, "Basi, Mama, sasa unakuja," na sauti yake ikachangamka, na nilimhurumia kwa kuchangamka kule. Nikamwambia siji. Sikumlaumu. Zamani nilipokuwa nikimwambia niko peke yangu nilikuwa nalichomeka lile neno limwume. Leo nimelisema kama mtu anavyosema saa. Niko peke yangu, mwanangu, na nitabaki hapa. Siwezi kuja kukujazia chumba. Lakini ukinikumbuka, njoo.

Nikasikia kiti cha lori kikilia, kama mtu anayegeuka.

"Mama. Leo umekula nini?"

Miaka kumi na minne, hajawahi kuniuliza hilo. Huuliza dawa, huuliza umeme, huuliza Balkar amesemaje. Nikamwambia ukweli, kwamba sijala tangu asubuhi.

"Usikate simu," akasema. "Washa jiko. Mimi nipo."

Nikaiweka simu kwenye dirisha la jikoni, nikaosha dengu, nikabandika. Hatukuzungumza sana. Mara moja alikohoa. Mara moja aliniuliza kama nimeweka chumvi, nikamwambia anyamaze, mimi ndiye niliyemfundisha chumvi. Dengu zilipoiva alikuwa bado yupo.